Mwezi wa Kitambaa cha Kijani

Mnunuzi mgeni kwa Mama Omena alianza kwa kukasirika. Amekuja kununua omena, dagaa wale wa ziwani, sufuria iko jikoni, na mama mwenyewe hainui kichwa. Ameinamia omena zilizotandazwa mezani, vidole vinatembea, anatoa kisamaki kimoja hapa na kingine pale, anakiweka kwenye kifuniko cha ndoo kando yake. Mgeni akisema, "Mathe, nihudumie basi, niko na haraka," alijibiwa bila kutazamwa: "Hiyo haraka iweke chini kidogo, nyathina. Kuna watoto hapa ndani."

Nyathina ni mwanangu kwa Kijaluo, na alimwita hivyo kila mtu, hata mzee wa kanisa aliyemzidi umri kwa mbali. Watoto aliowasema walikuwa samaki wachanga waliovuliwa pamoja na omena: mbuta na ngege wa urefu wa kidole, wamekauka, wamejipinda. Omena hata ikizeeka ni ndogo vile vile, lakini mbuta akiachwa hukua mpaka abebwe na watu wawili. Kwa macho yangu wote walikuwa dagaa tu. Yeye aliwatofautisha kwa kupapasa, huku akibishana na muuza makaa kuhusu mambo mengine kabisa.

Sitasema alizaliwa wapi wala aliolewa na nani. Hayo ana jamaa zake wa kuyasema. Mimi nilikuwa fundi wa nguo aliyekaa ng'ambo ya kichochoro chake pale Kisumu Ndogo, Kibera, cherehani yangu ikitazamana na meza yake kwa zaidi ya miaka kumi. Katikati yetu mkokoteni mmoja ulipita. Miwili ikikutana ilikuwa vita. Nilivuta harufu ya omena mpaka pua ikaacha kulalamika, na yeye alisikiliza cherehani yangu mpaka akajua, kwa sauti tu, kama nashona suruali au rinda. Watu wakiniuliza kama nilikuwa rafiki yake nasita kidogo, maana kuna jambo nilimtendea ambalo rafiki hatendi. Nitalifikia.

Wale wachanga hakuwauza. Wala hakuwatupia paka, na paka wa mtaa wetu walimchukia kwa hilo. Wengi aliwafukia nyuma ya nyumba penye kunde zake, lakini waliotoka kwenye magunia ya ndugu yake aliwatia katika mikebe ya mafuta ya kupikia, mkebe mmoja kwa kila mwezi. Ndugu huyo alikuwa mvuvi aliyebaki nyumbani, kwenye ghuba ya kwao ziwani, na mzigo wa Mama Omena karibu wote ulitoka kwake. Gunia la ndugu alilijua kwa fundo. Kamba ilizungushwa mara tatu na kufungwa upande wa kushoto, kwa kuwa mwenyewe ni mtu wa mkono wa kushoto.

Mama Omena hakupenda kuandika. Kalenda yake ilikuwa mimi. Kila mwezi ulipoanza alivuka kichochoro, akaokota kipande cha nguo katika mabaki yaliyolala chini ya cherehani yangu, akakifunga shingoni mwa mkebe mpya. Januari nina sare za shule, basi mkebe wa Januari ulivaa kitambaa cha kijani. Februari wanakuja wazazi wa ile shule ya pili, wale wa kuchelewa, na sare yao ni ya samawati. Machi ni kanzu za kwaya zinazotayarishwa kwa Pasaka, nyeupe zenye ukingo wa zambarau. Agosti kulikuwa na harusi na satini ya waridi, na kadhalika mpaka Desemba, mwezi wa vitenge vya watu wanaotaka kupendeza wakifika kwao. Chini ya kitanda chake kulikuwa na miaka mitatu, minne, imepangwa kwa rangi.

"Mama, hizi unaweka za nini?" nilimuuliza siku moja.

"Kuna siku mtu ataniuliza."

"Nani?"

"Sasa mimi nitajuaje? Lakini nisipoweka, hata akiniuliza nitamwambia nini?"

Nilimcheka. Nilimcheka mara nyingi, na yeye alinicheka zaidi, hasa juu ya kipara changu na jinsi nilivyowaambia wateja wote kwamba nguo itakuwa tayari kesho. "Kesho ya fundi," alikuwa akipaza sauti mteja asikie, "ni kama ya mbinguni. Tunaiamini tu."

Mtu aliyejua mambo ya ziwa kiasi kile ungedhani amekulia ndani ya mtumbwi. Hata! Aliogopa maji kuliko mtu yeyote niliyemjua. Mvua ikinyesha na mtaro wa kichochoro chetu ukijaa, alisimama ukingoni na kikapu chake akaita, "Fundi, leta mkono!" Nami niliacha kazi, nikamvusha mtaro ambao hata kuku aliuruka. Hakuwahi kuniambia asante. Alisema tu, "Haya, rudi kwa kesho zako," na mimi nilirudi nikiwa na furaha isiyo na maelezo.

Na hakula omena. Hilo liliwashangaza watu kuliko yote. Mchana alinunua githeri kwa jirani, akala mezani pale pale, omena zimemzunguka. Ukimtania, alikutania: "Wewe fundi unashona gauni kutwa nzima. Jioni unavaa gauni?" Lakini mara moja nilimuuliza kwa upole, na siku hiyo alikuwa amechoka, akanijibu vizuri. Alisema hawezi kula kitu ambacho lazima akichunguze kwanza. "Siku nitachota mkono moja bila kuangalia, hiyo siku nitakula."

Mzee wa kanisa alipenda sana methali ya samaki mkunje angali mbichi, na kila mzazi aliyelalamika juu ya mtoto wake alipewa hiyo. Mama Omena alikaa benchi la pili na hakujua kunong'ona. "Huyu hajawahi kukausha samaki," alisema siku moja, na kanisa zima lilisikia. "Samaki mbichi anateleza. Unamkunja aje?" Mzee akatangaza wimbo. Sauti ya Mama Omena katika wimbo huo ilikuwa mbaya kama kawaida, na aliimba kwa moyo wote.

Ijumaa alifunga meza mapema. Aliosha mikono kwa ndimu mpaka viwiko, akavaa leso safi, akatembea mpaka Makina na mkebe wa omena zilizochaguliwa, kwa bibi mmoja mwenye duka dogo karibu na msikiti. Wakubwa wale wawili walibishana miaka yote juu ya jambo moja, namna ya kupika omena, na hakuna aliyemshinda mwenzake. Alirudi na mandazi ndani ya gazeti, mawili yangu. "Yule mama anajua kupika," aliniambia, "lakini anaweka vitu mingi mpaka samaki anasahau jina." Nilikula mandazi, nikakubaliana naye, ingawa ningeonja chakula cha yule bibi kwa furaha.

Sasa nimefika kwenye lile jambo.

Ndugu yake alikuja Nairobi mara moja tu katika miaka yangu pale. Alikuwa mcheshi, mrefu, mwenye sauti ile ile ya dada yake, na walitaniana mpaka dada akamfukuza kwa mwiko. Ijumaa moja, Mama Omena akiwa Makina, ndugu huyo alivuka kichochoro na mfuko uliojaa vyandarua vya mbu.

"Niaje fundi. Unganisha hizi zikuwe kitu moja refu. Huku chini weka pindo kubwa nipitishe kamba."

"Za kazi gani?"

"Vifaranga. Mwewe amenimaliza kabisa. Nataka kufunika boma yote."

Mimi ni mtu wa Magharibi, na sisi tunajulikana kwa kupenda kuku. Ukitaka kuninyang'anya akili, nitajie kuku. Papo hapo nilimwona yule mwewe, nikaviona vifaranga, roho ikaniuma. Sikujiuliza kamba ya pindoni ingemfanyia nini mwewe. Nilishona jioni mbili, meza ya ng'ambo ikiwa imeshafungwa, mshono wa mara mbili, na mwisho wa kila mshono nikaweka alama yangu, yaani mistari mitatu mifupi ya uzi mwekundu. Fundi wa kichochoroni hana kibao, ana alama. Sikuwa nimewahi kushona kitu kirefu namna ile, na nilipokikunja na kumkabidhi nilijisifu kwa muuza makaa.

Januari iliyofuata, asubuhi moja, Mama Omena alifungua gunia lenye fundo la kushoto akanyamaza. Kwa mtu wa kelele kama yeye, ule ukimya niliusikia juu ya mlio wa cherehani. Kifuniko cha ndoo kilijaa wachanga, akakimwaga, kikajaa tena. Kisha alivuka kichochoro akaweka kitu juu ya kazi yangu.

"Fundi, hii mkono ni yako?"

Kilikuwa kipande cha chandarua, ukubwa wa kiganja, kimechanika kingo zote, kimeganda magamba. Katikati yake ulipita mshono wa mara mbili uliomalizika kwa mistari mitatu ya uzi mwekundu. Nilikitambua hata kabla hajafunga mdomo, na ndipo nilipomwelewa mwewe. Wavu wenye matundu madogo kama yale, ukikokotwa kwenye matete ya ufuoni ambako samaki hutagia, hauachi kitu.

"Mafundi wengi wanatumia uzi nyekundu, Mama," nikasema.

Alikichukua. Akasema, "Sawa, fundi," akarudi zake, akakitia kile kipande ndani ya mkebe wenye kitambaa cha kijani pamoja na wale wachanga. Niliona aibu, na ninaitaja hapa kwa sababu pale sikuitaja. Wala si wateja niliogopa kuwapoteza. Niliogopa kwamba mvua ikinyesha ataita mtu mwingine amvushe.

Aliendelea kuniita mimi. Hilo ndilo lililonisumbua zaidi.

Baada ya mwaka hivi tukasikia kwamba watu wa samaki wanakuja. Ilikuwa ofisi fulani iliyotaka kuifanya ghuba ya kwao Mama Omena kuwa hifadhi, mahali samaki wazaane bila kusumbuliwa, na walikuwa wakitunga kanuni za uvuvi: wavu gani uruhusiwe, na miezi gani ghuba ifungwe kabisa. Walikuwa wamekaa na wavuvi kule ziwani. Sasa walitaka kuwasikia wauzaji, kwa kuwa omena nyingi za ghuba ile huishia kwenye meza za Kisumu Ndogo. Mkutano ukapangwa kanisani, Jumatano mchana.

Asubuhi hiyo Mama Omena aliniomba nimsaidie kubeba mikebe. Tuliijaza kwenye magunia mawili, nikabeba moja begani na yeye jingine. Njiani hakunieleza chochote, nami sikuuliza, maana nilijua kilichokuwa ndani ya mmoja wa mikebe ile.

Afisa alikuwa msichana mwerevu mwenye ramani kubwa, aliyeibandika ukutani juu ya meza ya sadaka. Alisalimia kwa adabu na kueleza kwa Kiswahili safi. Alisema pendekezo ni ghuba ifungwe miezi mitatu kila mwaka, Agosti, Septemba na Oktoba, na katika miezi hiyo asionekane mtu na wavu. Wauzaji wakatazamana, wakaanza kupiga makofi.

Mtu asiyejua biashara ile angesema ni watu wema. Ukweli ni kwamba miezi hiyo magunia ya kutoka ghuba ile ni machache hata pasipo sheria. Kufunga duka siku ambayo huna bidhaa hakumuumizi mtu. Mama mmoja nyuma yangu alisema wazi: "Wafunge tu! Si hata hatupatangi kitu." Afisa alikuwa ameshaanza kuandika kwamba tumekubali.

"Mimi sijakubali," akasema Mama Omena, akasimama.

"Mama ungependa ibaki wazi?"

"Nataka ifungwe, nyathina. Lakini hiyo miezi yenu ni ya bure. Mnafunga mlango na watoto wako nje."

"Ungependekeza miezi gani?"

"Januari. Februari. Machi."

Kanisa lilipasuka kwa kelele. Januari, ada za shule zimemeza kila kitu, nyama haitajwi, na kila nyumba inanunua omena. Miezi hiyo mitatu ndiyo iliyowabeba wale akina mama mwaka mzima, na hakuna aliyebebwa nayo kuliko yeye. Mimi niliyekaa mbele ya meza yake nilijua. Miezi mingine alichagua omena akisubiri wanunuzi. Januari wanunuzi walimsubiri yeye. Alikuwa akiomba afungiwe riziki yake, na riziki ya ndugu yake juu.

"Mathe, unatuchoma!" mmoja akapiga kelele. "Tutakula nini, mawe?"

"Tutakula kidogo," akasema. "Sasa tunakula mpaka mbegu."

Akainama, akaanza kutoa mikebe kwenye magunia na kuipanga juu ya meza ya sadaka, chini ya ramani. Mzee wa kanisa alitaka kupinga, akaona uso wake, akaacha. Alifungua mkebe wa satini ya waridi: wachanga hawakufunika hata chini. Akafungua wa kitenge, ukawa vile vile. Kisha akafungua wa kijani, wa samawati, na ule mweupe wenye zambarau, na yote ilijaa mpaka mdomoni, imeshindiliwa. Akafanya hivyo kwa mwaka uliotangulia, na mwaka uliotangulia huo. Kelele zilipungua, kisha zikaisha, na walio nyuma wakasimama ili waone.

Afisa alisogea akaangalia mkebe mmoja mmoja. "Mama, lakini nitajuaje huu ni mwezi gani? Hakuna mahali pameandikwa."

"Imeandikwa. Muulize fundi."

Nikasimama. Nikaeleza kwamba kijani ni sare ambazo nashona Januari peke yake, na samawati ni za ile shule ya wazazi wa kuchelewa, na kadhalika. Watu walicheka, mmoja akadakia, "Eh, ni ukweli, hata yangu alishona Februari!" Afisa alitabasamu huku akiandika. Mabaki yangu ya chini ya cherehani hayakuwahi kuheshimiwa namna ile, na kwa dakika mbili nilisahau kuogopa.

Kisha afisa akamimina mkebe wa kijani juu ya karatasi ili awapime wachanga, na kile kipande cha chandarua kikatoka nao.

"Na hii je?"

Nilikuwa bado nimesimama. Mama Omena alikuwa upande huu, afisa upande ule, na mshono wangu katikati yao. Hapo ndipo pa kusema. Nikaangalia viatu.

"Hiyo ni neti ya mbu," akasema Mama Omena. Akaelekeza kidole kwenye ramani, kwenye ghuba ya kwao. "Ilitoka kwa gunia ya ndugu yangu. Andika hiyo pia. Neti ya mbu isiguse hiyo maji, hata kama ni ya ndugu ya mtu."

Afisa alikigeuza kile kipande mkononi. "Imeshonwa vizuri sana. Nani alishona?"

"Mtu ambaye hakujua."

Nikaketi.

Walichukua mikebe, wakairudisha baada ya wiki mbili, wakaenda tena ziwani kuhakikisha kwa vipimo vyao. Sheria ilipotoka, miezi ya kufunga ilikuwa Januari, Februari na Machi, na vyandarua vilipigwa marufuku kwa jina. Mama Omena alisomewa karatasi yote na mzee wa kanisa, akaomba asomewe tena sehemu ya miezi.

Ikamgharimu. Akina mama wenzake walimpita wiki nyingi bila salamu, na mtu aliyezoea kutukanana kwa mapenzi na kila mpita njia, kunyamaziwa kulimkondesha. Ndugu yake alipiga simu akafoka mpaka kichochoro kizima kikasikia. Yeye alishika simu mbali na sikio, macho yamejaa machozi. Baada ya hapo ndugu hakutuma gunia hata miezi iliyoruhusiwa. Meza ikawa ya mboga, kunde na mrenda, na vidole vile havikuwa na cha kuchagua. Mwishowe bintiye anayekaa Kawangware alimwita aende akae naye. Siku ya kuhama nilibeba ile meza. Nilikuwa na maneno yangu tayari njia nzima, na nilipoitua meza nikasema, "Haya Mama, ubaki salama." Nilijichukia mpaka Kibera.

Mwaka huu, mwezi wa tano, nilikusanya mabaki ya mwaka mzima katika mfuko, kila rangi, nikatembea mpaka Kawangware. Kisingizio changu kilikuwa hicho: kwamba amekaa muda mrefu bila kalenda. Nilimkuta mlangoni kwa bintiye, amepungua mwili, leso ni ile ile. Mbele ya mlango kulikuwa na mtaro na ubao mwembamba uliolegea, nikasimama nikiupima kwa macho. Magoti yangu nayo si ya zamani.

"Fundi!" akaita. Akainuka, akanyoosha mkono. "Leta mkono."

Akanivusha. Ndani, kwenye kona, niliona gunia. Kamba ilikuwa imezungushwa mara tatu na kufungwa upande wa kushoto.

"Ametuma?" nikauliza.

"Ghuba ilifunguliwa mwezi jana, ametuma. Hajasema kitu. Huyo akinyamaza, ameshasema."

Nusu ya gunia ilikuwa imetandazwa kwenye sinia, na kando yake kifuniko cha ndoo, kile kile cha zamani. Juu yake kulikuwa na wachanga wawili. Nikadhani ndiyo kwanza ameanza.

"Tangu asubuhi," akasema alipoona naangalia. "Wawili tu. Macho imechoka kutafuta."

Hapo maneno yalinitoka bila kupangwa. "Mama, ule mshono ulikuwa wangu. Ndugu yako aliniambia ni ya vifaranga. Lakini uliponiuliza nilijua, na nikakudanganya."

"Najua."

"Ulijua lini?"

"Fundi, nimekaa mbele ya hiyo mashini yako miaka kumi. Nisijue mkono yako?"

"Mbona hukunitaja pale kanisani?"

"Pale nilikuwa nasema ya ndugu yangu. Yako ilikuwa yako ya kusema." Akanitazama vizuri. "Umechelewa, lakini wewe ni fundi. Kesho yako ndio hii."

Nililia, na sioni haya kusema hivyo. Yeye hakunibembeleza. Alikwenda akainama chini ya kitanda, akavuta mkebe wenye kitambaa cha kijani kilichopauka, akanitolea kile kipande pamoja na wembe.

"Haya. Fumua."

Nikaketi kwenye kiti kifupi karibu na mlango, kwenye mwanga, nikaanza kufumua mshono wangu mwenyewe. Ulikuwa mgumu. Naweza kusema sijawahi kushona vizuri kuliko mara ile.

"Uliikaza sana," akasema akiwa jikoni.

"Nilidhani ni ya mwewe."

Alicheka mpaka akashika fremu ya mlango, na nikacheka naye, wembe mkononi. Kisha nikasikia kitunguu kikiingia kwenye mafuta, halafu nyanya. Niliinua macho. Alikuwa amesimama mbele ya sinia, uso ameuelekeza dirishani kwa jirani aliyekuwa akimwambia habari za maji, na huku akimjibu, alizamisha mkono ndani ya omena, akachota, akatia sufuriani. Akachota tena. Hakuangalia.

Ugali ulipokuwa tayari, kile kipande kilikuwa vipande viwili, na pajani mwangu kuna nyuzi nyekundu chache. Aliweka sahani moja katikati yetu, akaomba kwa kifupi, akakata tonge, akalibonyeza, akachovya, akachukua omena tatu nne, akala. Nilikaa na tonge langu mkononi nikimtazama akitafuna.

"Inataka chumvi," akasema, akanyoosha mkono akachukua nyingine.